Kusomea ualimu ukiwa kazini ughaibuni: anza kwa kuhesabu likizo

Likizo yangu ilikuwa wiki tatu. Chuo kilitaka wiki nane darasani. Yote mawili yalikuwa yameandikwa tangu mwanzo, moja kwenye mkataba wangu wa kazi Doha, jingine kwenye ratiba ya masomo, na kwa mwaka mzima sikuwahi kuziweka karatasi hizo mbili pamoja. Nilikuwa nahangaika na laptop, bando, na mahali pa kuchomeka chaja kwenye chumba cha watu sita. Siku nilipogundua, ada ya muhula wa pili nilikuwa nimeshalipa.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume na nilivyokwenda mimi. Nauandikia Mtanzania aliye Qatar, Oman, Saudia, Falme za Kiarabu au hata Uingereza, ambaye anafanya kazi nyingine kabisa na anataka kurudi nyumbani akiwa na sifa ya kusimama mbele ya darasa. Mimi nilikuwa keshia wa supamaketi mwenye shahada ya Kiswahili na Jiografia isiyo na ualimu ndani yake. Sasa nafundisha Mwanza.

Hatua ya 1: Ijue karatasi unayoitafuta

Kama una shahada ya fani nyingine, unachohitaji ni Stashahada ya Uzamili katika Elimu, ile wengi tunaiita PGDE. Humo utakutana na saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, mitaala, upimaji na tathmini, pamoja na mbinu za kufundisha masomo yako. Sehemu kubwa ya hayo inasomeka kwa masafa bila shida.

Swali litakalokukwamisha ni hili: utafundisha masomo gani? Chuo kitaangalia masomo ya shahada yako na kutafuta yale yanayofundishwa sekondari. Mhandisi anaangukia Fizikia na Hisabati. Mhasibu ana Utunzaji wa Vitabu na Biashara. Mwenye shahada ya sosholojia au ustawi wa jamii atajikuta anaulizwa kidato cha pili watamwona kwenye kipindi kipi. Liulize swali hilo kwa barua pepe, upate jibu la maandishi, kabla hujalipa hata fomu.

Kama huna shahada, njia ni ndefu zaidi: stashahada ya ualimu au shahada ya elimu yenyewe. Vyuo vya ualimu kama Butimba vinakutaka uwepo pale kwa miguu yako, hivyo aliye nje na hana mpango wa kurudi karibuni afikirie shahada ya masafa.

Halafu kuna karatasi mbili ambazo watu wa Ghuba wanauziwa sana. Ya kwanza ni cheti cha TEFL cha saa 120. Ni kizuri kwa kufundisha Kiingereza kwenye vituo vya lugha huko huko, lakini hapa nyumbani hakikufanyi mwalimu. Ya pili ni PGCE ya kimataifa, cheti cha uzamili cha ualimu kinachosomwa mtandaoni kwenye vyuo vya Uingereza. Hiyo ni elimu ya kweli na shule nyingi za kimataifa zinaiheshimu, ila peke yake haikupi hadhi ya mwalimu aliyehitimu kwa sheria za Uingereza, ile inayoitwa QTS. Ukiambiwa inakupa, mwambie anayekuuzia akuandikie.

Hatua ya 2: Hakiki chuo

Kwa chuo cha hapa, ingia kwenye tovuti ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, uone kama programu yenyewe imeidhinishwa. Jina la chuo kuwemo halitoshi, tafuta programu. Chuo kinachojulikana zaidi kwa masomo ya masafa ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya 1992, kikaanza kazi mwaka uliofuata, na kimejengwa kwa ajili ya watu wenye kazi zao. Makao makuu yako Kinondoni, Dar es Salaam, lakini kina vituo mikoani, Mwanza ikiwemo.

Ukichagua chuo cha nje, jua kwamba siku ya kurudi utaipeleka shahada au stashahada hiyo TCU iombewe utambuzi. Waulize mapema, ukiwa na jina la chuo, jina la programu na namna inavyofundishwa. Na kama kidato cha nne au cha sita ulisoma nje ya nchi, matokeo yako yanatakiwa kupata ulinganifu kutoka NECTA.

Hatua ya 3: Hesabu likizo

Hapa ndipo ilipo kazi. Chukua kalenda ya ukutani, zile wanazogawa madukani mwezi wa kumi na mbili, na kalamu mbili za rangi.

Rangi ya kwanza ni ya mwajiri. Qatar, sheria ya kazi inampa mfanyakazi ambaye hajafikisha miaka mitano wiki 3 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na wiki 4 akishaifikisha. Saudia ni siku 21, kisha 30 baada ya miaka mitano. Oman na Falme za Kiarabu ni siku 30. Wafanyakazi wa majumbani wana sheria zao, na mkataba unaweza kukupa zaidi ya sheria, kwa hiyo soma wako. Ongeza na miezi ambayo hata ukiomba hupewi. Supamaketi yetu ilikuwa haitoi likizo kwa mtu yeyote wakati wa Ramadhani, kwa sababu ndipo watu wananunua usiku kucha.

Rangi ya pili ni ya chuo na ya shule za Tanzania. Mazoezi ya kufundisha, wenyewe wanayaita BTP, yanafanyika shule zikiwa wazi. Hilo ni jambo dogo ambalo mtu aliyeko mbali husahau. Shule zetu zinafungua Januari, zinafunga mwezi wa sita, zinarudi Julai. Novemba kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa, na kidato cha pili nao wana upimaji wao mwishoni mwa mwaka. Mkuu wa shule hatakuwa na hamu ya kumpokea mwalimu mwanafunzi. Dirisha zuri ni Julai na Agosti.

Sasa tazama rangi zinapokutana. Kwangu chuo kilitaka wiki nane, na kama ulivyoona, hakuna likizo ya mwaka hapo juu inayofika huko. Njia zilizobaki nilizoziona watu wakizipita ni tatu.

Moja ni kuunganisha likizo na siku zisizo na malipo. Omba kwa maandishi miezi sita kabla, na usiseme "nakwenda kusoma" kabla hujajua bosi wako ana mtazamo gani kuhusu wafanyakazi wanaosoma. Wengine wanafurahi. Wengine wanasikia kwamba unataka kuondoka.

Nyingine ni kukiomba chuo kigawe mazoezi vipindi viwili, miaka miwili mfululizo. Vipo vinavyokubali, ila tiketi inakuwa mara mbili.

Ya tatu ndiyo niliyoifanya: kuyapeleka mazoezi mwishoni mwa mkataba. Wangu wa miaka miwili ulikuwa unaisha mwezi wa sita. Nilimaliza masomo yote ya nadharia nikiwa Doha, nikachukua haki zangu na tiketi ya kurudi, Julai nikaripoti shuleni. Kama mkataba wako unaishia mwezi wa kumi, fikiria kuanza masomo muhula tofauti ili kalenda zikae sawa. Kuchelewa kuanza kwa miezi sita ni nafuu kuliko kuwa na programu iliyokamilika yote isipokuwa BTP, na wa hivyo nawajua wawili.

Hatua ya 4: Nyaraka, na mtu wa nyumbani

Vyeti halisi viache Mwanza. Beba nakala zilizothibitishwa na wakili, na picha safi za kila ukurasa kwenye barua pepe yako: cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne na cha sita, shahada na matokeo yake ya kila mwaka, kitambulisho cha NIDA, pasipoti. Namba yako ya mtihani wa kidato cha nne iandike mahali, utaitumia kila mfumo.

Angalia majina. Kama kidato cha nne unaitwa kwa majina mawili na pasipoti ina matatu, au herufi moja imegeuka, maliza jambo hilo kwa wakili ukiwa likizo. Ukiwa nje litakula miezi.

Kisha chagua mtu. Sizungumzii anayekupenda zaidi, maana mama yangu ananipenda lakini simu anaiacha chumbani siku nzima. Mimi nilimchagua shemeji, mume wa dada, fundi simu pale Kirumba, mtu ambaye bila kuambiwa mara mbili anapiga picha ya risiti na kuituma. Yeye ndiye alikwenda chuoni mara tatu, yeye alikuwa na barua ya idhini niliyoisaini, na laini yangu ya Tanzania ilikaa kwake ndani ya simu ya tochi, kwa sababu namba za uhakiki za mifumo ya hapa zinatumwa kwenye laini ya hapa. Laini isiyotumika kwa miezi mitatu huweza kufungwa, hivyo alikuwa akiiwekea vocha kidogo na kupiga simu moja kila mwezi. Ukitoka na laini yako, washa huduma ya kuitumia nje kabla hujapanda ndege.

Hatua ya 5: Ada

Vyuo vya umma vinapokea kwa kontro namba inayotoka kwenye akaunti yako ya mwanafunzi. Itoe wewe mwenyewe, mtumie mtu wako, alipe benki au kwa simu, akurudishie risiti. Ada haiendi kwenye namba ya mtu binafsi, hata kama mtu huyo anajua jina lako lote na kozi yako.

Hatua ya 6: Ratiba inayowezekana

Siku zangu zilikuwa za saa kumi na mbili ukijumlisha basi. Nilianza na ratiba nzuri ya kusoma saa tatu kila usiku, ikadumu siku nne.

Iliyodumu ilikuwa hii: basi la kempu, yaani makazi yetu wafanyakazi, dakika arobaini na tano kwenda na arobaini na tano kurudi. Asubuhi nilisoma kurasa nilizokwisha kuzipakua kwenye simu, jioni nilisikiliza mihadhara iliyorekodiwa. Siku yangu ya mapumziko, saa nne mfululizo, niliandika. Kila kitu kilipakuliwa usiku wa manane wakati wenzangu wamelala na intaneti ya kempu imepumua. Usitegemee kuingia darasani moja kwa moja kila wiki, chagua programu ambayo vipindi vyake vinarekodiwa.

Kuhusu saa: Doha na Saudia saa zake ni sawa na Mwanza. Oman na Falme za Kiarabu wako mbele kwa saa moja. Uingereza iko nyuma kwa saa 3 wakati wa baridi na 2 wakati wa kiangazi, kwa hiyo kipindi cha saa mbili usiku Mwanza utakisikiliza saa kumi na moja jioni London, ukiwa bado kazini. Na mwisho wa kupokea kazi huandikwa 23:59. Mwenzangu mmoja aliisoma "Jumapili usiku" akajipa usiku ule tunaouita wa kuamkia Jumatatu, akaituma saa saba. Mfumo ulishafunga.

Ukiwa Falme za Kiarabu, simu za sauti na za video za WhatsApp hazipiti, ingawa ujumbe na sauti zilizorekodiwa zinapita. Kikundi chenu cha majadiliano kijue hivyo. Usikimbilie VPN kukwepa kizuizi, faini za huko zitameza ada yako ya miaka yote.

Mazoezi ya kuongea mbele za watu fanyia chumbani. Mimi niliwafundisha Mnepali mmoja na Wafilipino wawili ngeli za Kiswahili, simu ikiwa inarekodi juu ya jokofu. Nilipojitazama niligundua nafundisha nikiwa nimeugeukia ukuta. Mnepali mpaka leo ananitumia ujumbe wa "vitabu vyangu vimepotea", kwa fahari.

Kazi za chuo andika mwenyewe. Akili mnemba inaweza kukueleza mwanasaikolojia Piaget alisema nini kuhusu hatua za ukuaji wa mtoto, lakini mhadhiri wetu aliuliza utamfundishaje mtoto anayefika darasani akiwa ametoka kuanika dagaa tangu alfajiri, na majibu ya kuokoteza yalijulikana papo hapo.

Hatua ya 7: Mitihani

Uliza kabla ya kujiandikisha kama mtihani unafanyika mtandaoni, ubalozini au kwenye kituo cha mkoa. Kama ni Mwanza, nunua tiketi inayobadilishika tarehe. Mtihani wangu mmoja ulisogezwa wiki moja mbele, tangazo likatoka siku tano kabla, na tiketi yangu ilikuwa ya bei rahisi isiyobadilishika. Niliurudia mtihani huo mwaka uliofuata, nikiwa nimelilipia somo hilo mara mbili.

Kama ni mtandaoni wenye kamera, tafuta chumba. Chumba cha watu sita hakitakubalika, mtu akipita nyuma yako na taulo unasimamishwa. Nililipa hoteli ndogo kwa usiku mmoja.

Hatua ya 8: Wiki nane za Mwanza

Anza miezi mitatu kabla. Barua ya utambulisho inatoka chuoni, inakwenda halmashauri, halmashauri ndiyo inakuruhusu kwenda kwa mkuu wa shule. Mwanza mjini kuna halmashauri mbili: Jiji la Mwanza, yaani Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela. Mtu wa Igoma na mtu wa Nyakato wanaweza kupanda daladala moja, lakini barua zao zinakwenda ofisi tofauti. Shule yangu ilikuwa Ilemela na barua niliiandikisha kwa Mkurugenzi wa Jiji. Siku nne zilipotea kwa kosa langu mwenyewe.

Chagua shule unayoweza kufika kabla ya saa moja asubuhi bila kupanda gari mbili. Kwa watu wa Sengerema mambo yamebadilika tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Zile kilomita 3 za maji zinavukwa bila kusubiri kivuko, na mtu anaweza kulala kwao na kufundisha ng'ambo. Ukitaka Ukerewe, kiulize chuo kwanza kama msimamizi wake atapanda meli kuja kukukagua.

Wiki ya kwanza omba kwa mwalimu wa taaluma muhtasari wa somo, azimio la kazi linalotumika na shajara ya somo. Usilete azimio lako ulilolitunga Doha; mada imefika ilipofika. Andalio la somo andika la kila kipindi, kwa mkono, kwenye daftari moja, likiwa tayari usiku wa kuamkia kipindi. Msimamizi alikuja mara mbili bila taarifa na jambo la kwanza kuomba mara zote lilikuwa daftari hilo. Saini kitabu cha mahudhurio, changia chai ya walimu, ukipewa zamu ipokee.

Niliporudi nilibeba projekta ndogo, nimeinunua kwa mshahara wa nusu mwezi. Darasa la kidato cha pili lilikuwa na wanafunzi themanini na ushee na halikuwa na soketi hata moja. Nikaiuza. Kilichofanya kazi ni karatasi za manila na kalamu nene. Mada ilikuwa ramani na skeli, nikachora Ziwa Victoria lote, kilomita za mraba 68,800 hivi, tukaligawa kwa rangi: Tanzania asilimia 51, Uganda 43, Kenya 6. Darasa zima likasimama kutafuta kwao. Mmoja akauliza mbona Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani hapa mjini, halipo wakati analiona kila siku kutoka kwenye daladala, na kutoka hapo skeli ikajieleza yenyewe. Jiografia inafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo jiandae na ukimya. Sikuacha kuuliza swali lilelile kwa maneno matatu tofauti mpaka mkono mmoja unyanyuke.

Tabia za kazi ya zamani zitakufuata. Wiki nzima ya kwanza, mwanafunzi akijibu swali, nilikuwa namwambia "asante, karibu tena". Wakaniita Madamu Karibu Tena hadi nilipoondoka.

Hatua ya 9: Baada ya matokeo

Kwa ajira ya serikali jisajili kwenye Ajira Portal na upakie vyeti vyote, hata kama bado hujarudi moja kwa moja. Tangazo la nafasi kwa kawaida linataka mwombaji asiyezidi miaka 45. Ukiwa na 42 na bado uko kwenye mkataba wa nje, hesabu hiyo nayo itie kwenye kalenda. Tangu Januari 2025 walimu wamekuwa wakifanyiwa usaili kabla ya kuajiriwa, hivyo vitabu vya somo lako visitupwe.

Shule binafsi hazisubiri tangazo. Peleka barua mwezi wa kumi na moja, wakati wanapanga mwaka mpya. Wengi watakuomba ufundishe kipindi kimoja cha dakika 40 mbele yao. Nenda na daftari la maandalio la BTP, lile lenye kalamu nyekundu ya msimamizi. Mkuu wa shule aliyeniajiri alifungua kurasa zenye masahihisho, akauliza nilirekebisha nini baada ya kila moja, na hakugusa cheti mpaka tulipofika kwenye mshahara.